Msinikande Mguu Huu

Kama unasoma haya kwa sababu mguu wako mmoja umevimba na mwingine haujavimba, acha kusoma. Nenda hospitali. Utanisoma ukirudi, au utanisoma ukiwa kwenye foleni, maana foleni ni ndefu na huko hakuna hata gazeti la kukupumbaza.

Kwa ninyi wengine, naitwa Sifa. Wazazi wangu walitoka Fizi, Kongo, wakikimbia vita, nikazaliwa kambini Kigoma, nikapandishwa ndege kwenda Amerika ningali nabebwa mgongoni. Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama, Ohio, theluji ikianguka nje. Nilirefuka mapema mno. Darasa la saba nilikuwa namtazama mwalimu utosini, na shule ikaona afadhali urefu huo uwe na kazi, ikanipa mpira wa kikapu. Mpira ukanisomesha chuo. Baada ya chuo ligi kubwa ya kwetu haikunitaka, basi nikafanya wanachofanya wengi wasiotakiwa: nikapeleka miguu yangu ng'ambo. Hungaria. Poland, ambako nilikaa misimu mitatu. Misri. Halafu Johannesburg.

Watu wakisikia mchezaji wa kulipwa kutoka Amerika wanafikiria magari na miwani ya jua. Mimi nilikuwa na masanduku mawili na funguo za fleti ya klabu huko Midrand, yenye vyombo vya mtu aliyekaa kabla yangu. Na nilikuwa na sheria moja ambayo hakuna anayekuandikia, ila kila mchezaji wa kuletwa anaijua: hachechemei mbele ya kocha. Mwenyeji akiumia anauguzwa. Wa kuletwa akiumia analetwa mwingine. Kwa hiyo sisi hatuumwi. Tunafunga bandeji chini ya soksi ndefu, tunameza kidonge, tunamchekea kocha usoni na kurukaruka.

Johannesburg niliichagua mwenyewe, kwa ajili ya mama mdogo Faida, mdogo wake mama. Sisi tulipopata ndege, yeye hakupata. Alishuka kusini peke yake, basi kwa basi, hadi akafika hapa na kuanza kusuka nywele kando ya barabara. Sasa ana saluni yake Marshalltown, ghorofani, juu ya wauza mikanda na laini za simu. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu, akapandisha macho taratibu, akapiga makofi.

"Eish! Dada yangu alizaa robot!"

Robot kwa watu wa huku ni taa za barabarani. Wateja walicheka hadi mmoja akachomwa sikio na pasi ya nywele. Nilimpenda pale pale.

Baridi ilikuwa inaanza tuliporudi kutoka mashindanoni Afrika Kaskazini. Ndege mbili, usiku kucha, mimi nimekunjwa kwenye kiti cha katikati magoti yakigusa kidevu. Niliposhuka, shavu la mguu wa kushoto lilikuwa zito na lina joto. Nikafunga bandeji. Siku ya pili nikampelekea mchuaji wa timu, kijana mwenye vidole vya chuma, akabonyeza, nikaruka juu.

"Msuli umekaza, Amerika," akasema. Hilo ndilo jina waliloniita. Akauchua mguu ule kwa nguvu zake zote, na kesho yake tena.

Jioni nilikwenda saluni kwa mama mdogo. Aliona ninavyopanda ngazi.

"Mutoto wangu, huu mguu umejaa baridi ya ndege. Leta hapa."

Ukilelewa na wanawake wa kwetu huhitaji kuelezwa kilichofuata. Beseni. Maji ya moto yenye chumvi. Taulo linakamuliwa, linawekwa, linabanwa, halafu dawa ya kuchua inayowasha macho ya chumba kizima, halafu vidole gumba kutoka kifundoni kwenda juu, kwenda juu, kwenda juu. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisani. Wateja walisubiri bila kulalamika, kwa sababu mtu anayekandwa haharakishwi. Sijawahi kupendwa hadharani namna ile. Wiki nzima, mchana klabu inachua, jioni mama mdogo anakanda, na mguu unazidi kuwa mwekundu.

Halafu siku ya mazoezi, Midrand, nilikimbia kutoka goli hadi goli na pumzi ikaisha. Sisemi nilichoka. Nasema niliivuta na haikuja, na chini ya mbavu kulikuwa na kitu kinachonichoma kila nikijaribu. Kocha akapuliza filimbi.

"Amerika amezeeka leo!"

Lerato peke yake hakucheka. Lerato ni wa Soweto, mfupi kuliko sisi wote, mdomo mrefu kuliko sisi wote. Alinitazama midomo, akanishika mkono, akaniingiza kwenye gari lake dogo na magoti yangu yakagonga redio. Kila robot nyekundu aliipita akipiga honi na kutukana.

Mapokezi ya hospitali, mtu mwenye koti jeupe alinitazama mara moja. Mrefu, kijana, Mmarekani, mwanamichezo.

"Ni wasiwasi tu huo," akasema. "Kaa pale. Pumua taratibu."

Pumua! Ndicho kitu nilichokuja kutafuta. Hadi leo nikikumbuka sauti yake ya upole nataka kuvunja kitu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kwa mnyororo, nikakohoa kwenye kiganja, kikawa na damu. Lerato alikichukua kiganja changu, akakinyanyua juu kukionyesha chumba kizima, akaanza kupiga kelele kwa Kizulu, na hakuacha hadi mlango mmoja ukafunguka na kutoa daktari wa kike mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Hakuuliza habari za kifua. Alisema, "Nionyeshe miguu yote miwili."

Akaitazama. Akauliza nani amekuwa akiushika huu wa kushoto.

Mama mdogo, aliyepigiwa simu na Lerato, alikuwa ameshafika, chupa ya chai kwapani. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Ni miye, dokta. Nimemukanda vizuri."

Daktari hakumgombeza. Alieleza tu, kwa sauti ya chini. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mguu. Mguu wa namna hiyo haukandwi, hauchuliwi, kwa sababu bonge linaweza kung'oka na kusafiri, na langu lilikuwa limekwisha safiri hadi kwenye mapafu. Mama mdogo aliweka chupa ya chai sakafuni. Akaificha mikono yake chini ya kanga.

Nilimuuliza daktari kitu kimoja tu: nitacheza lini? Sikuuliza kama nitakufa. Umri wangu wote mtu akiniuliza mimi ni nani, nilijibu kwa mpira.

"Tutazungumza baada ya miezi sita ya dawa," akasema.

Siku chache baadaye meneja wa klabu alikuja na kikapu cha matunda kilichofungwa karatasi ya plastiki inayong'aa. Akasema tuko pamoja. Akasema mimi ni familia. Hata hajafika kwenye lifti, simu yangu ikalia, na nikiwa na mpira wa oksijeni puani nikasoma tangazo la klabu: Sifa ameomba kurudi Amerika kwa sababu za kifamilia, tunamtakia heri.

Nilimpigia.

"Ni kwa faida yako," akasema. "Klabu gani itakusajili ikijua damu yako inaganda? Nimekulinda."

"Na mchuaji wako? Naye umemlinda?"

Akasema nipumzike. Wiki ile ile binti mwingine kutoka Texas alikuwa amelala kwenye kitanda changu Midrand na kutumia sufuria zangu. Mkataba ulipokatwa, bima ya matibabu nayo ikakatwa. Daktari alikuwa amenikataza ndege, na Ohio nako sikuwa na bima, basi nikahamia kwa mama mdogo, chumba kimoja, miguu yangu ikitokeza nje ya godoro.

Mama alipiga simu kutoka Ohio. Nilimsikia bila hata kuwekewa sauti kubwa.

"Ulimukanda mutoto wangu? Faida! Kwa hii mikono yako ulimukanda?"

"Dada, sikujua..."

"Usiniite dada!"

Akakata. Hawakuongea tena kwa miezi mingi. Mama mdogo hakulia, alikwenda kufua. Ila kuanzia siku hiyo hakunigusa. Alinipikia, alinifulia, alinibishia, lakini mkono wake haukunigusa. Nywele zangu zilipofumuka, yeye, msusi, alimwita msaidizi wake, Chantal, anisuke, na yeye akasimama dirishani akitazama magari. Nilimkasirikia mama kwa hilo kuliko nilivyokasirikia bonge la damu.

Baridi ya Johannesburg haina mvua, ni kavu, inapasua midomo. Niliianza kwa sindano za tumboni, nikajidunga mwenyewe hadi tumbo likawa na madoa ya bluu na ya njano. Halafu vidonge. Vidonge hivyo vinataka damu ipimwe kila mara, kwa hiyo kila wiki nilikuwa kliniki ya serikali, kwenye benchi, nimevaa soksi ya kubana inayofika gotini. Niligonga meza kidogo, paja zima likawa jeusi. Nilipiga mswaki, nikatema damu. Hedhi ilikuja kama imekosewa adabu, na hakuna aliyenionya, kwa hiyo nakuonya wewe: mwambie daktari, usione haya. Na mboga za majani zinabishana na dawa ile, kwa hiyo sombe ya mama mdogo, yaani kisamvu, kitu pekee kilichonipa hamu ya kula, ikawa ya kupimwa kijiko, kile kile kila juma. Nilipungua mabega. Misuli niliyoijenga tangu utotoni iliondoka kimya kimya, na mguu wa kushoto ukabaki mnene kuliko wa kulia.

Asubuhi moja tulikuta kundi la watu langoni mwa kliniki, wamejifunga vitambaa, wanauliza kila anayeingia vitambulisho. Wageni warudi kwao, walisema, dawa ni za wenyeji. Nilitoa pasipoti yangu ya Amerika na kuongea kwa puani. Mwanaume mmoja akatabasamu, akauliza kama najua wacheza sinema, akanipisha. Mama mdogo nyuma yangu akazuiwa. Miaka yote hiyo anasuka watoto wa mji huu, anaongea Kizulu kuwashinda baadhi yao, akaambiwa arudi kwao. Mimi niliyefika juzi nikapita kwa sababu ya rangi ya kitabu.

"Nenda, mutoto," akasema. "Damu yako inangoja."

Niliingia. Sikupaswa kuingia peke yangu lakini niliingia, kwa sababu nilikuwa mgonjwa na niliogopa. Kwenye benchi mzee mmoja mwenye vidonge kama vyangu alinisogezea nusu ya blanketi lake la magoti bila kuuliza natoka wapi. Hilo nalo nalikumbuka.

Mijakaranda ilipoanza kumwaga maua barabarani, miezi sita ilikuwa imetimia. Lerato alikuwa amenifuata mara kwa mara, tukitembea taratibu kuzunguka uwanja, na siku hiyo alinipa mpira niushike. Niliingia kwa daktari nimeuweka kwapani. Alipima, akasoma, akauliza swali ambalo nadhani lilipaswa kuulizwa mapema: kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla, au aliyevimba mguu?

Nikasema hapana. Kisha nikampigia mama pale pale, ili tumalize.

 Nilidhani mtandao umekatika.

"Mama?"

"Bibi yako," akasema. "Kambini. Mguu ulivimba, moja tu. Tukasema ametegewa uchawi. Tukamukanda. Miye nilikanda siku tatu, Faida alikuwa mudogo, alikuwa analeta maji tu. Halafu asubuhi bibi akashindwa kupumua."

Mama mdogo, aliyenisindikiza, alikuwa amekaa kiti cha pili. Alisikia yote. Alisema kwa sauti ndogo kabisa, "Nilikuwa naleta maji, ndiyo."

Nilielewa hasira ya mama ilikuwa inamlenga nani: yeye mwenyewe. Na mtadhani nililainika. Sikulainika. Niliwaka. Nimepanda ndege za nchi ngapi, nimekunjwa viti vingapi, na kila klabu daktari ananiuliza habari za ukoo, najibu sote wazima, kwa sababu kwetu aliyekufa vibaya hasimuliwi. Tunasema alichukuliwa, tunasema mambo ya watu, tunabadilisha mazungumzo. Nilipiga kelele kwenye simu. Nilimwambia mama maneno ambayo siyaandiki. Daktari alinisogezea maji na kungoja.

Vipimo vingine vikafuata, na jibu likaja kabla ya mvua za kwanza. Ni ugonjwa wa kurithi, uko kwenye damu yetu. Dawa ni za maisha. Mtu anayekunywa dawa hizo hapaswi kugongana viwiko chini ya kikapu na kuanguka kwa kichwa kwenye mbao. Daktari alisema pole, halafu akasema neno lenyewe bila kulizungusha, nami namshukuru: hutacheza tena.

Jioni ile nilikaa saluni wateja wakiwa wameondoka. Mama mdogo alikuwa anafagia nywele. Nilitoa kitambaa kichwani.

"Nisuke," nikasema.

"Nitamuita Chantal kesho."

"Chantal anavuta. Nisuke wewe."

Alinawa mikono muda mrefu. Akagusa kichwa changu, na mistari aliyonichana siku hiyo ilipinda, jambo ambalo halijawahi kutokea pale saluni. Alipofika katikati alichukua simu, akampigia mama, akaiweka begani na kusema tu, "Dada, niko namusuka." Mama alianza kulia kule Ohio. Mimi pia nililia, nikiwa bado na hasira.

Mwisho wa msimu klabu iliniita kuniaga. Wakati wa mapumziko, uwanja umejaa, na upande mmoja wamekaa Wakongo wote ambao mama mdogo amewahi kuwasuka, pamoja na ngoma. Meneja alinipa jezi yangu ndani ya fremu ya kioo. Mtangazaji akasema Sifa ameamua kustaafu ili awe karibu na familia. Watu wakapiga makofi. Meneja akanipa kipaza sauti, akaninong'oneza, "Kifupi tu. Asante na kwaheri."

Nilianza kwa Kiingereza. Nikasema sikuamua chochote. Nikasema nilikuwa na damu iliyoganda mguuni, mchuaji wa klabu hii akauchua, nikakohoa damu, na klabu ikaandika kwamba nimerudi kwetu wakati nilikuwa kitandani hapa hapa mjini. Meneja akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Mimi ni mrefu. Nilikinyanyua juu, nikageukia upande wa ngoma, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yote ya mapafu niliyobakiza:

"Mama zangu! Mguu mmoja ukivimba na una joto, msiukande! Msinikande, msimkande mtoto, msimkande bibi! Hospitali! Na kama kwenu kuna aliyekufa hivyo, msimulieni!"

Halafu mama mdogo akasimama peke yake kati ya watu wale wote.

"Miye nilimukanda!" akapaza sauti. "Musikilize anachosema!"

Wakazima kipaza sauti. Niliiacha fremu sakafuni. Mama mdogo akaifuata, akaikumbatia. "Kioo kizuri hiki," akasema. "Hatuwaachii."

Sasa nitawaambia kwa nini naandika leo na si mwaka jana. Juzi, saluni, aliingia Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi benki hapa Marshalltown, mwanamke wa viatu virefu na haraka. Alikaa, lakini hakutaka kusukwa. Aligeuza kiti, akavua kiatu, akapandisha suruali.

"Mlisema vitu fulani pale uwanjani," akasema. "Hebu niangalilie huu. Nilitoka Nairobi wikendi. Si ni ndege tu?"

Kushoto. Mnene, mwekundu. Chantal, kwa mazoea, alikuwa ameshashika beseni la maji ya moto. Mama mdogo alimnyang'anya, maji yakamwagika sakafu nzima.

"Hakuna kukanda hapa! Funga saluni!"

Tulishuka ngazi watatu, taratibu, Wanjiru katikati, na Lerato akatusubiri chini injini ikinguruma. Alitushusha hospitali ile ile ya siku yangu ya kwanza. Mlangoni mama mdogo alitangulia, kichwa juu, na hakuna aliyemuuliza kitu. Pale mapokezi alikuwa yule yule wa koti jeupe. Alimtazama Wanjiru viatu, saa, jasho la usoni.

"Wasiwasi tu," akasema. "Akae, apumue taratibu."

Mama mdogo aliiweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta, wazi, mbele ya uso wake.

"Tunataka daktari atazame miguu yote miwili," akasema. "Tutangoja hapa hapa. Hatuondoki."

Mimi nilikaa kwenye kiti cha mnyororo. Nikapandisha suruali, nikaunyoosha mguu wangu wa kushoto na soksi yake katikati ya njia, wote kadiri ulivyo mrefu, ili asipite mtu yeyote mwenye koti jeupe bila kuuruka.